Uchungu wa Kampuni Mama

Kuna mwaka nilifanya kazi ya kuchora masanduku. Sitanii. Unaketi mbele ya kompyuta, unaletewa picha ya barabara ya mji ambao hujawahi kuukanyaga, unachora sanduku kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila mtu anayevuka, halafu unabonyeza, inakuja picha nyingine. Tuliambiwa picha hizo zinafundisha magari yajiendeshe yenyewe. Ofisi ilikuwa orofa ya nne ya jengo moja kando ya Mombasa Road. Tulikuwa kama watu sitini, wengi wetu watu wa chuo: waliomaliza wakakosa kazi, na wale kama mimi ambao hata kumaliza hatukumaliza. Mkataba ulikuwa wa mwezi mmoja mmoja.

Ijumaa moja jioni kazi ikakatika. Kila mtu alipata ujumbe kwenye simu: mradi umesitishwa, msije Jumatatu. Malipo ya wiki tatu yalikuwa bado. Kwangu mimi hizo zilikuwa shilingi 19,500, na kwa mtu anayeishi bedsita Pipeline hiyo ni kodi ya nyumba, chakula, na keretaka kuacha kukuangalia vibaya kwenye ngazi.

Tukaenda kuuliza. Meneja, jamaa mpole tu ambaye tulikuwa tunakula naye chapo madondo mchana, alituambia kampuni ya hapa haina pesa, inangoja pesa kutoka kwa kampuni mama. Mama yuko wapi? Ulaya. Tukamwandikia. Akajibu kwa adabu kabisa kwamba anasikitika kusikia hayo, ila kampuni ya Nairobi ni kampuni inayojitegemea, na yeye hajawahi kutuajiri. Tukaulizia mteja, yaani mwenye magari yenyewe. Tukaambiwa jina lake ni siri ya kibiashara.

Jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp akauliza, "Kwani huyu mama ni mama wa nani?" Watu wakarusha vicheko, siku mbili baadaye kila mtu akaanza kutafuta kibarua kingine. Mimi swali lile lilinikwama.

Nilisoma sheria miaka miwili kabla ya karo kunishinda, kwa hivyo jibu la kitabuni nilikuwa nalo. Kampuni ni mtu. Si mfano wa mtu wala kikundi cha watu. Mbele ya sheria ni mtu kamili, mwenye jina lake, mali yake na madeni yake. Mwanzo wa habari hii ni fundi viatu. Miaka ya 1890 huko London, Aron Salomon aligeuza biashara yake ya viatu vya ngozi kuwa kampuni. Sheria ilitaka wenyehisa saba, basi akaandikisha mke wake na watoto watano, kila mmoja hisa moja. Yeye mwenyewe akabaki na hisa 20,001 kati ya 20,007. Biashara ilipoanguka, wadai walisema hii si kampuni, huyu ni Salomon amejifunika shuka. Kesi ikafika kwa majaji wa juu kabisa wa Uingereza, nao wakakataa. Salomon ni mtu, na kampuni ya Salomon ni mtu mwingine. Deni la mmoja si deni la mwenzake.

Uamuzi huo, ambao vitabu vya sheria huuweka mwaka 1897, ulifika kwetu pamoja na sheria nyingine za mkoloni, na mpaka leo ndio msingi. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, hapa Kenya mtu mmoja anaweza kusajili kampuni ya limited akiwa peke yake, kupitia eCitizen, bila hata kutoka kitandani. Akimaliza, nchi imepata mtu mpya.

Sasa, ungetarajia niseme kwamba huo ni ujanja wa matajiri. Siwezi, kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na kampuni ndogo ya kupika kwenye harusi na mikutano. Sufuria kubwa, hema mbili, pikapu moja. Mwaka 2020 korona ikaja, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na kampuni ikazama na madeni ya nyama, mchele na viti vya kukodi. Watu wakaanza kubisha hodi nyumbani kwake Kitengela. Mmoja alikuja na maneno kwamba atachukua hata makochi. Wakili akamwambia, "Mama, tulia. Deni ni la kampuni, nyumba ni yako." Nyumba ikabaki. Binamu zangu wakaendelea kulala mahali walipokuwa wamelala siku zote. Pikapu ndiyo ilienda, kwa sababu benki ilipomkopesha ilikuwa imemtaka aweke sahihi yeye binafsi kuwa mdhamini. Pazia la mdogo huwa na shimo ambalo benki imelitoboa mapema.

Hata hivyo, lilimstahi. Na nikilitazama pazia lile kwenye mlango wa shangazi, naelewa lilishonwa kwa ajili gani. Binadamu ana mwili mmoja, tumbo moja, uzee mmoja. Akijaribu biashara ikamshinda, si haki jaribio hilo limle mpaka kaburini na watoto wake pamoja naye. Bila ulinzi huo angejaribu nani? Wenye mali tayari tu.

Lakini yule mama wa Ulaya aliyetujibu kwa adabu si shangazi. Hana tumbo, hana watoto wanaolala mahali, hazeeki. Yeye mwenyewe ni kampuni, na nyuma yake kuna wenyehisa ambao tayari wamelindwa na pazia lake. Pazia la Nairobi haliwakingi wao na ufukara, kwa maana hawakuwa hatarini. Linaikinga kampuni na kampuni. Unaweza kupanga mapazia kumi hivyo, Nairobi, Mauritius, Uholanzi, na kila moja litadai heshima ileile aliyopewa fundi viatu.

Sheria haioni shida hapo. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Cape, kampuni ya asbesto. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Texas walikuwa wameumia kwa vumbi la asbesto iliyochimbwa Afrika Kusini na kampuni za kundi hilo, wakapewa fidia na mahakama ya Marekani, wakaenda kuidai London. Wakakosa. Majaji walisema kuwa kundi la kampuni kujipanga ili lawama ya siku za usoni iangukie tanzu fulani, isimguse mama, si sababu ya mahakama kufunua pazia. Soma tena hapo. Lawama ya siku za usoni. Maana yake unaruhusiwa kukaa mezani leo, kabla hujaumiza mtu yeyote, ukapanga nani atakuwa maskini siku ya kulipa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kundi hilohilo likitaka kuwa mtu mmoja, linaweza. Mwisho wa mwaka kampuni mama hutoa hesabu zilizounganishwa, ambapo mapato ya tanzu zote huwekwa kwenye kapu moja na wawekezaji wanaonyeshwa jumla. Nembo moja ukutani, sera moja, imeli za aina moja. Hata mtoza ushuru huwatazama kama jamaa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya Unilever Kenya, iliyokuwa ikiiuzia kampuni dada ya Uganda bidhaa kwa bei ambayo mtoza ushuru aliona inapunguza faida ya huku. Kampuni ilishinda, kwa kuwa Kenya haikuwa na kanuni zake za kupima bei kati ya ndugu. Mwaka uliofuata, 2006, kanuni zikatungwa. Yaani serikali ilipoona ushuru unapotea, haikuchelewa kukubali kwamba kampuni hizi ni familia na kwamba familia hupangiana bei. Anapoumia mfanyakazi, tunarudi kwa Salomon.

Kuna kesi mbili ambazo huwa naziweka kando kwa kando.

Ya kwanza ni ya nyumbani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wenye silaha walivamia shamba la chai la Unilever huko Kericho. Watu waliuawa, wengine wakabakwa na kujeruhiwa. Wafanyakazi na wakazi 218 walifungua kesi London, wakisema hatari ile ilionekana mapema, kwa kuwa wengi wao walikuwa wa makabila yaliyochukuliwa kuwa ya wageni eneo hilo, na kwamba kampuni mama nayo ilipaswa kuhakikisha wanalindwa. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ikawakatalia. Hoja yake kwa ufupi: ushahidi ulionyesha kampuni ya Kenya ilisimamia yenyewe mipango yake ya dharura, na mama hakuwa ameishauri juu ya jambo hilo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa kusikiliza rufaa.

Ya pili ni ya Chingola, Zambia. Wanakijiji 1,826 walisema maji yao na mashamba yao yamechafuliwa na mgodi wa shaba wa Nchanga, ambao mwenye kuuendesha, Konkola Copper Mines, alikuwa tanzu ya Vedanta ya London. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu kushtaki London. Sababu moja kubwa ilikuwa maneno ya Vedanta yenyewe. Kampuni mama ilikuwa imechapisha ripoti za kujisifu jinsi inavyosimamia mazingira katika migodi ya kundi zima. Majaji wakasema, kama ulijitangaza kuwa msimamizi, basi kuna hoja ya kujibu. Mwaka 2021 pande mbili zikapatana nje ya mahakama, Vedanta bila kukiri kosa.

Nilifurahi nilipoisoma ya Chingola mara ya kwanza. Nilipoisoma pamoja na ya Kericho, furaha ikapungua. Mama aliyesema "nawaangalia watoto wangu" alikamatwa kwa maneno yake. Mama ambaye hakuonyeshwa kuwa alitia mkono alienda zake. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwanasheria wa kampuni kubwa. Utamshauri nini mteja wako? Utamwambia asiulize maswali mengi. Apokee faida, asipokee habari.

Hapa ndipo swali linaacha kuwa la sheria tu. Je, kutojua kunaweza kuwa kosa? Tumezoea kumsamehe asiyejua, na ni vizuri. Mtoto anayevunja chungu gizani hatumpigi kama yule aliyekirusha ukutani. Lakini tuna neno jingine kwa mtu anayezima taa makusudi ili aseme hakuona. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumwambia kijana avumilie shida. Mimi naisoma hivi: kama unataka kilichoko chini ya kitanda, huna budi kuinama, na ukiinama utaona kilichoko huko. Sheria ya makundi ya kampuni imemruhusu mtu achukue cha mvunguni kwa fimbo ndefu huku amesimama wima.

Wafaransa walijaribu kuwainamisha. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh na kuua zaidi ya watu 1,100 waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2017 Ufaransa ikatunga sheria inayozilazimu kampuni zake kubwa kabisa kuchunguza madhara yanayoweza kutokea kwenye tanzu zao na kwa baadhi ya wale wanaowauzia bidhaa, na kuandika mpango wa kuyazuia. Huwezi tena kujitetea kwamba hukujua, kwa sababu kujua kumekuwa wajibu. Umoja wa Ulaya ukafuata na sheria yake mwaka 2024, ingawa kufikia 2025 tayari walikuwa wameanza kuisogeza mbele na kuilegeza.

Na sisi? Hapa Nairobi kuna kesi ambayo kila mtu aliyewahi kufanya kazi kama yangu anaifuatilia. Vijana waliokuwa wakichuja machapisho ya Facebook, wakitazama picha za watu kukatwa na kuuawa ili wewe na mimi tusizione, walikuwa wameajiriwa na kampuni ya Sama. Meta, mwenye Facebook, aliposhtakiwa pamoja na Sama alisema yeye ni kampuni ya kigeni, haishi hapa wala hafanyi biashara hapa, kwa hivyo mahakama za Kenya hazimhusu. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Leba ikakataa kumwondoa kwenye kesi. Mwezi uliofuata wachujaji zaidi ya 180 wakafungua kesi nyingine kuhusu kufutwa kwao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ikasema Meta anaweza kushtakiwa hapa.

Hapo hata umama haupo. Sama si tanzu ya Meta, ni kandarasi, pazia la aina nyingine. Na uamuzi haukusema kwamba Meta ana hatia. Ulisema tu kwamba aje ajibu. Lakini kwa mtu aliyewahi kuandikia Ulaya akajibiwa "hatujawahi kukuajiri", neno aje ajibu ni zito. Mwaka huohuo wa 2024 mswada ukafika Seneti ukiwa na kipengele cha kuibebesha kampuni ya hapa peke yake madai ya wafanyakazi, mteja wa ng'ambo asiguswe. Mahakama ikiinua pazia kidogo, kuna watu wanatafuta nyundo na misumari.

Najua wanachosema, kwa sababu hata nyumbani kwetu kinasemwa. Ukiwasumbua wawekezaji watahamia kwingine, na afadhali kazi mbaya kuliko hakuna kazi. Siidharau hoja hiyo. Nilichora yale masanduku kwa sababu hiyohiyo. Lakini tuiangalie vizuri. Kama biashara haiwezi kuja Kenya mpaka ihakikishiwe kwamba mtu akiumia gharama itabaki kwake, basi sehemu ya mtaji wa biashara hiyo tumeitoa sisi. Tumeitoa kwa mishahara isiyolipwa, kwa maji ya Chingola, kwa usingizi wa wale wachujaji. Na mwekezaji aliyetoa mtaji huwa anapata hisa. Sisi hatukupata.

Hoja inayonipa taabu zaidi ni nyingine: je, ni haki kumlipisha mmoja kwa kosa la mwingine? Tumekataa kumfunga mzazi kwa wizi wa mwanawe. Kwa nini tumfunge kampuni mama?

Nilizungushana na hoja hiyo muda mrefu, na nadhani neno mama ndilo limetuchezea. Tukilisikia tunangoja uchungu. Tunakumbuka kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, halafu tunashangaa huyu hana. Lakini mama yangu hakunichagulia kazi, hanipangii bajeti, hawezi kuniuza kwa jirani mwaka ujao. Kampuni mama huteua wakurugenzi wa tanzu, huamua ibaki na pesa ngapi kwenye akaunti, na inaweza kuiuza au kuifunga Ijumaa jioni. Neno la pili, tanzu, linasema kweli zaidi. Utanzu ni tawi. Tawi halijitegemei, na aliyepanda mti hawezi kukuambia kwamba tawi lililokuangukia ni la mtu mwingine.

Kwa hivyo sitaki mama anipende. Nataka aulizwe maswali mawili ambayo tungemuuliza mtu yeyote: uamuzi huu ulifanywa na nani, na ulikuwa na nafasi ya kujua? Kama wewe ndiye uliyeamua, jibu. Kama hukuamua lakini ulikuwa na uwezo wa kujua na unakula faida, jibu pia, kwa kiasi chako. Kama kweli hukuwa na mkono wala macho pale, nenda nyumbani. Shangazi angepita mtihani huo bila kupoteza makochi.

Zile 19,500 hazikuja. Wakili tuliyemuuliza alisema tunaweza kuishtaki kampuni ya hapa na tutashinda, ila tutakuwa tumeshinda viti, na viti vyenyewe ni vya kukodi. Siku hizi naandika makala za tovuti za kigeni. Kazi zikinizidi huwa nampa binti mmoja wa chuo, nachukua sehemu yangu, nampa yake. Mwezi wa pili mteja mmoja wangu alipotea bila kulipa. Binti akanitumia ujumbe: "Bro, ile pesa?" Nikamjibu mteja hajalipa, tungoje.

Nilishaweka simu chini ndipo nikatambua hayo maneno ni ya nani. Yeye hamjui mteja wangu. Hajui hata jina lake. Anayemjua ni mimi, na mimi ndiye niliyechagua kumwamini yule mteja, kwa pesa ambazo sehemu yake ingeingia mfukoni mwangu. Jioni ile nilimtumia elfu mbili kati ya elfu tatu na mia tano. Zilizobaki nimemwambia ni zangu kulipa, mteja aonekane asionekane. Bado sijamaliza.